Fadhila za Guta Jipya

Ni ada ya watu wa pwani kukisifu kizuri bila ya kuombwa: jahazi lina mashairi yake, mnazi una vitendawili vyake, na bibi harusi ana vigelegele vyake, walakini chombo kinachobeba maji, barafu, mchanga, samaki, magodoro na magunia ya ufuta kutoka gatini Kilwa Masoko hadi vichochoro vya Kilwa Kivinje, na ambacho katika miezi yake ya mwanzo humtoa mwenyewe jasho na machozi kwa kipimo kimoja, hakijapata hata ubeti. Nakusudia kuiondoa dhuluma hiyo. Nalisifu guta, pikipiki ile ya magurudumu matatu yenye kitanda cha bati mgongoni, na nalisifu hasa lingali jipya, kabla mikono ya mafundi haijaliharibu kwa kulifanya liende.

Wasifuji wa kale walianza na nasaba, nami sitaivunja ada yao. Mji wa Kilwa, ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akaushuhudia kuwa ni miongoni mwa miji iliyo mizuri, na ambao masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe na kula katika bakuli zilizovuka bahari kutoka Uchina, haukupata kukikataa kitu chema kwa sababu ya umbali wa kwao. Vigae vya vyombo vile vingali vikionekana katika ardhi ya Kilwa Kisiwani, na wanazuoni huviokota kwa taadhima, wakavipangusa, wakaviandika nambari. Guta nalo, kwa wingi wake, hutoka Uchina, nalo pia huacha vipande vyake njiani; tofauti ni kwamba vipande vya guta huokotwa mapema zaidi, na aghalabu na mwenyewe.

Huja kutoka Dar es Salaam likiwa limelazwa ndani ya kasha juu ya lori, likavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lile la mita 970 lililofunguliwa mwaka 2003, likapita Somanga, likafika Nangurukuru na kukunja kushoto kushika njia ya Masoko. Safari yote hiyo, ya kilomita 300 na ushei, huikamilisha bila ya hitilafu hata moja, na anayelipenda na aihifadhi kumbukumbu hiyo, kwa kuwa haitajirudia. Fundi hulifungua kasha, hulifunga guta kiungo kwa kiungo huku akipuuza kitabu cha maelekezo, ambacho kimeandikwa kwa Kiingereza cha namna ya kuwafanya Waingereza wenyewe watafute mkalimani, na mwisho wa kazi hubakiwa na nati mbili tatu kiganjani. Huzitazama, huzigeuza, huzitia mfukoni, kisha humwambia mwenye chombo, "Hizi za akiba, mzee." Mzee hufurahi. Ni nani asiyependa kuambiwa, siku ya kwanza ya mali yake, kwamba anayo akiba?

Asubuhi ya pili ndipo tabia yake inapodhihirika. Hupigwa kiki, likakohoa mara moja kwa adabu, likanyamaza. Hupigwa tena, likanyamaza bila ya kukohoa. Mwenyewe huvuta choki, huvuta resi, huvuta subira, mpaka paja linatetemeka na harufu ya petroli imeenea uani. Hapo huitwa fundi, naye huchomoa plagi, huinua juu kwenye mwanga, humwonyesha mwenyewe ile ncha nyeusi iliyolowa chepechepe, huipangusa kwa pindo la shati, huisugua kwa kipande cha msasa, huirudisha mahali pake kwa vidole kabla ya kuikaza kwa spana, na chombo huunguruma papo hapo kana kwamba hakijapata kuwa na shari na mtu. Jambo la kustahili sifa ni hili: guta halimwaibishi mwenyewe mbele ya mgeni. Humwaibisha mbele ya jirani zake, watu wanaomjua na watakaomsamehe.

Lakini ubora wake mkubwa umo katika ualimu. Lindi kuna chuo cha VETA, na sheria inataka leseni, na hayo yote ni mema. Ila sijaona chuo kinachoweza kumtoa kijana wa bodaboda kiburi chake kwa kasi ya guta jipya. Kijana huyu amezoea magurudumu mawili. Amejifunza, bila ya kufundishwa, kwamba kona hukatwa kwa kuulaza mwili, na pikipiki ikalala pamoja naye kwa mahaba. Sasa hupanda guta katika kiwanja cha mpira, watoto wamejipanga kando, mwalimu wake, ambaye ni mtu mzima aliyekwisha kuanguka vya kutosha, amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Kona inafika, kijana anajilaza, na guta, ambalo halimlalii mtu, linaendelea kwenda moja kwa moja kuelekea golini. Guta halilali: usukani wake hutaka kugeuzwa kwa nguvu za mikono, na mwili wa dereva hutakiwa uegemee upande wa ndani ili gurudumu la upande huo lisiondoke ardhini. Asiyeyajua hayo hujulishwa na gurudumu lenyewe, linaloinuka kwa utaratibu, likazunguka hewani kidogo, kisha likashuka au lisishuke, kwa kadiri ya mwendo aliokuwa nao na wingi wa mzigo uliorundikwa juu.

Somo la pili ni la mguu. Mpanda pikipiki akisimama huweka mguu chini, na desturi hiyo imo katika mifupa yake hata akiwa usingizini. Kwenye guta mguu ukiwekwa chini kabla chombo hakijasimama, gurudumu la nyuma, ambalo liko pembeni na linakuja, huukanyaga kisigino bila ya kuomba radhi. "Mguu ndani, mjukuu wangu!" hupiga kelele mwalimu, "Shikamoo, babu, nimesikia," hujibu kijana huku akichechemea, salamu ikiwa imemtoka kwa uchungu, si kwa wakati wake. Mwalimu huitikia marahaba, kwa kuwa adabu ni adabu, kisha humwamrisha arudi nyuma. Na kurudi nyuma ndilo somo la tatu, ambalo ni fakhari asiyoijua bodaboda yeyote: ule mkono wa rivasi ulio kando ya kiti, ukivutwa na kusahauliwa, huyafanya maandalio yote ya kwenda mbele yawe ni safari ya kinyume, na nimeona watu wazima wa baraza, wenye magoti ya kuuma, wakiruka ukuta kwa wepesi walioudhani umekwisha pamoja na ujana wao.

Hapo bado mzigo haujapakiwa. Magunia yakisogezwa nyuma ya ekseli na guta likapanda mlima, gurudumu la mbele huinuka, na usukani unabaki mikononi mwa dereva kama pambo. Wapo wanaohesabu jambo hilo kuwa ni kasoro ya uundaji. Mimi nalihesabu kuwa ni insafu: chombo hiki hupima mizani bila ya karani, na mtu aliyeongeza gunia moja la pupa hupata jawabu lake kabla hajafika kwenye ghala la ushirika, mbele ya wakulima wenzake waliopanga foleni na ufuta wao.

Fauka ya hayo, injini ikiwa mpya hudai ipewe mwendo wa pole. Vyuma vyake bado havijazoeana. Husuguana, vikatoa ungaunga unaochanganyika na oili, na ndiyo sababu mafundi huusia kwamba oili ya kwanza imwagwe mapema, na kwamba kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo resi isivutwe hadi mwisho. Tazama hikima hiyo! Mtu aliyenunua chombo ili afike upesi huamriwa, kwa mali yake mwenyewe, aende taratibu. Na kwa kuwa anakwenda taratibu husalimiwa na kila aliyemo njiani, naye hulazimika kuitikia, kuuliza hali ya mgonjwa, kusikia habari za msiba, na kupakia tenga la mtu asiyemlipa. Barabara kutoka Nangurukuru hadi Masoko, ya yapata kilomita 30, ina mabasi yanayoipita bila ya kumjua mtu. Guta jipya humjua kila mtu.

Na likizimika, hapo ndipo umma unapokusanyika. Mimi sina guta, nami nalisifu kwa raha ya asiyelilipia, lakini nimelisukuma la wengine, na sijui mkutano wa hadhara unaofanana na ule: muuza kahawa huweka dele lake chini, mvuvi huweka tenga, watu wawili wasiosemezana tangu kesi ya shamba hujikuta bega kwa bega nyuma ya kitanda kimoja cha bati, wakisema "haya, pamoja!" kwa kuwa hakuna namna ya kusukuma kwa kununiana. Injini ikiwaka hurejea katika uadui wao, naam, lakini wakiwa wametiwa moshi mmoja usoni.

Atakayesema kwamba chombo kisichoelewana na dereva wake ni fedheha tupu, na aikumbuke mitambo iliyotangulia katika nchi hii. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kazi ya kulima karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, kwa matrekta yaliyookotwa katika mabaki ya vita, mengine yakiwa ni vifaru vya Sherman vilivyovuliwa silaha. Na kwa upande wa kusini zana zilipitia Lindi na Mkwaya, na reli ikajengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana za kuijaza. Matrekta yalivunjika, vipuri havikuwapo, madereva walifundishwa kwa haraka, na mwaka 1951 kazi ikafungwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Zile zilikuwa hitilafu za wakubwa, zisizo na dawa. Hitilafu ya guta, hata iwe kubwa namna gani, haizidi kimo cha mtu aliyechutama na spana namba 14, na gharama yake hulipwa kwa samaki wa siku mbili.

Sitaficha kwamba wapo mahasidi wenye hoja. Hunikumbusha kuwa mifupa ya wanyama wakubwa wa kale wa Tendaguru, iliyofukuliwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, ilifika bandari ya Lindi juu ya vichwa vya wapagazi, na mmoja wa wanyama hao sasa amesimamishwa mzima katika makumbusho ya Berlin bila ya guta kuhusika. Ni kweli, na shingo za wapagazi hao hazikuulizwa. Hunambia tena kuwa guta lina makelele. Nami najibu kuwa makelele yale huwaondoa kuku njiani, huwaamsha walinzi wa maghala, na humtangazia mama ntilie wa Masoko kwamba maji yake yako njiani na atie unga sufuriani. Kazi zote hizo zilikuwa za honi, ambayo waya wake ulikatika katika wiki ya kwanza.