Sifa za Herufi N

Tumpongeze dereva wa gari la otomatiki anayefika juu ya mteremko wa Kitonga, akasogeza gia hadi N ili abane mafuta. Wapinzani wanadai injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari likiteremka kwenye D bila pedali ya mafuta kukanyagwa, ilhali kwenye N hunywa ili zisizimike. Hesabu za wahandisi hizo, watu wasiojua raha ya ukimya! Wengine wanalalamika kwamba breki zikiachiwa mzigo wote hupata moto na kulegea. Lakini breki zimelipiwa, kwa nini zikae bure kama mwali ndani? Na walioweka L na 2 kwa ajili ya miteremko, bila shaka walikuwa wakipamba tu mkono wa gia. Akiba ipo: gari lililolala korongoni halinywi hata tone.