Kamera Ndani ya Mchele wa Wageni

Mawingu ya nyumbani kwetu Ngoliba yana watu wawili wanaoyachunga. Mimi nayaangalia kwa ajili ya mahindi na ndengu; mke wangu anayaangalia kwa ajili ya picha. Huku si Limuru wala Gatundu, ambako mvua huja bila kubembelezwa. Ukishayaacha mashamba ya mananasi ya Thika na kuifuata barabara ya Garissa, nchi inaanza kukauka, na tone la maji linakuwa na heshima yake.

Ndiyo maana zamu ya mke wangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, hakuna aliyeuliza pesa zinakwenda wapi. Tangi la lita 5,000 lilikuwa limeshatengewa mahali pake, pembeni mwa nyumba, mawe ya msingi yakiwa yamepangwa. Mke wangu akapanda matatu kwenda Nairobi, akarudi jioni na begi jeusi. Ndani yake mlikuwa na kamera ya mtumba, lenzi mbili, na stendi ya miguu mitatu ambayo mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi.

Mama yangu alikuwa ameketi chini ya mwembe. Aliitazama ile kamera kwa muda.

“Sasa mvua ikinyesha, mwanangu, tutaikingia humu?”

“Tangi tutanunua, Mama,” mke wangu akajibu kwa upole. “Lakini hii nimeingoja tangu nikiwa shuleni.”

Alikuwa anasema kweli. Katika maktaba ya shule yao mlikuwa na kitabu kikubwa cha picha, *Journey Through Kenya*, cha mwaka 1982, ambacho Mohamed Amin na Duncan Willetts walipiga picha zake na Brian Tetley akaandika maneno. Mke wangu alikuwa akikifungua wakati wenzake wanakwenda kucheza. Mimi nilitaka tangi, nikasema wazi kwamba nataka tangi. Hata hivyo, usiku ule nilimwona akifuta lenzi kwa kitambaa cha miwani ya Mama, tena kwa mikono miwili, nikaelewa kuwa jambo hili halitakwisha kesho.

Mtu asiyejua hudhani kupiga picha za nchi ni kusimama mahali pazuri na kubonyeza. Tuliishi na kazi hiyo, tukajifunza vingine. Kwanza ni jua lenyewe. Huku karibu na ikweta jua halijivuti. Linapanda karibu wima, nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo nusu saa tu baada ya kuchomoza, ule mwanga wa dhahabu unaolala juu ya nyasi umekwisha na kila kivuli kimekuwa kikali. Mpiga picha wa Scotland wakati wa baridi analiona jua likitambaa kando ya upeo wa macho kutwa. Anaweza kunywa chai na kurudi. Wa Ngoliba akinywa chai, amechelewa.

Kisha ni milima. Kusini mwetu, karibu kabisa, umekaa Kilimambogo, mita 2,145, ambao ramani zinauita Ol Donyo Sabuk. Kaskazini, takriban kilomita 100, uko Mlima Kenya, mita 5,199. Kilimambogo tunauona kila siku. Mlima Kenya ni mgeni wa alfajiri: ardhi ikishapata joto, hewa yenye unyevu hupanda miteremko yake na kugeuka mawingu, na mlima unajifunika kabla watoto hawajafika shuleni. Mwezi wa saba na wa nane mawingu ya kijivu hututanda kutwa. Mwezi wa kwanza na wa pili anga huwa wazi, lakini vumbi na moshi hulipausha. Asubuhi iliyo bora kuliko zote ni ile inayofuata mvua kubwa ya usiku, hewa ikiwa imeoshwa.

Na asubuhi hiyo hiyo ndiyo ya kupanda mahindi.

Hapo ndipo mzozo wa nyumba yetu ulipokaa. Mvua ya kwanza ya masika inanyesha usiku, udongo umelainika, jembe linaingia bila kugonga, na kila saa ina thamani. Saa hiyo mke wangu yuko mlimani juu ya shamba la jirani, anatazama kaskazini. Nilikasirika, sitaficha. Mama alikasirika zaidi. Tukaketi jikoni, tukagawana: asubuhi za namna hiyo angetoka giza likiwa bado zito, na arudi jua likishapita kilele cha mwembe. Kijana wetu angepanda mistari ya mama yake. Binti yetu angepika uji na kumvalisha mdogo wake sare. Mama angekama ng’ombe. Akirudi, mke wangu angefanya kazi hadi jioni bila kuketi. Alilitimiza hilo kila mara.

Watu wakiona picha nzuri ya mlima husifu subira ya mpiga picha. Nimeishi ndani ya subira hiyo, na najua inakaa wapi. Inakaa kwenye vidole vya mama yangu, vyenye baridi yabisi, vikikama ng’ombe asiye wake kukama. Inakaa kwa kijana anayefika shule na tope magotini. Mpiga picha anasimama baridini, ni kweli, na kusimama huko si mchezo. Lakini kuna watu wanaomnunulia zile saa, na majina yao hayaonekani popote kwenye picha. Naliona hilo kuwa kosa kubwa katika namna tunavyousimulia ufundi huu.

Msimu ule alikuwa ameshajaribu Kilimambogo. Hifadhi ile ina nyati, mtu haendi ovyo, na lango halifunguliwi kabla ya saa kumi na mbili. Mpaka upande kwa miguu kupita makaburi ya akina McMillan, yule Mmarekani tajiri aliyefariki mwaka 1925 na kuzikwa ubavuni mwa mlima, Mlima Kenya umeshavaa wingu lake. Akaamua kwenda Fourteen Falls.

Maporomoko yale ya mto Athi yana siku zake. Kiangazi unaweza kuihesabu mikondo mmoja mmoja. Mafuriko yakija yote yanaungana kuwa ukuta mmoja wa maji ya kahawia. Katikati kuna muda mfupi ambapo maji ni mengi lakini miamba bado inayagawa. Muda huo ndio alioutaka. Mto wenyewe unauma moyo: Athi hupokea mito ya Nairobi, na povu jeupe pamoja na chupa za plastiki hufika hadi chini ya maporomoko, ambako vijana huwavusha wageni kwa mashua. Mke wangu hapendi kuzikwepa zile chupa. Anasema mto upigwe picha ulivyo.

Alikwenda Jumatano, nyuma ya pikipiki ya mdogo wangu. Jumamosi ya wiki hiyo tulikuwa tunatarajia wageni wa ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya dada yetu wa mwisho, na kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa kimeshapewa kazi. Yaliyotokea mtoni alinisimulia mdogo wangu. Upepo uligeuka, manyunyu yakawafunika, na ule mguu wa stendi uliofungwa mpira ukateleza juu ya mwamba. Kamera ikazama ndani ya kidimbwi. Mdogo wangu aliichomoa kabla povu halijaifunika.

Walifika nyumbani wote wameloa, hakuna anayesema. Mke wangu aliiweka kamera mezani na kukaa mbele yake kama mtu aliyeleta mgonjwa. Ni Mama aliyevunja ule ukimya. Alisikia mahali kwamba simu ikiingia maji huzikwa ndani ya mchele. Basi akaufungua mfuko wa pishori ya Mwea, mchele uliokuwa umenunuliwa kwa ajili ya wageni, akaumimina ndooni. Binti yetu akatoa betri, akatoa kadi, akaondoa lenzi, akasema mtu asithubutu kuiwasha. Mwili wa kamera ukafungwa kitambaa chepesi na kuzikwa.

Ijumaa jioni mke wangu alimpigia fundi wa kamera wa Thika. Fundi akasema itolewe haraka. Mchele hauvuti unyevu kuliko hewa ya kawaida, na vumbi lake la wanga huingia kwenye matundu. Kinachotakiwa ni mahali pakavu penye joto la kiasi na hewa inayopita, na kungoja. Usiku huo huo ikatolewa. Lakini kile kizibo cha mpira kinachofunika tundu la kuchajia hakikuwepo.

Shangazi zangu walikuwa wameshafika kusaidia mapishi. Stima ilikuwa imepotea. Wakaleta nyungo, wakawasha taa ya sola, wakaketi duara kwenye sakafu ya jikoni na kuupepeta mchele wote wa ruracio, ungo baada ya ungo, wakitafuta kipande cha mpira mweusi kisichozidi punje ya kunde. Walipepeta wakiongea habari za mahari na za wakwe wasioeleweka. Shangazi mkubwa ndiye aliyekiona. Alikishika kwa kucha mbili, akakipuliza, akakichomeka mahali pake yeye mwenyewe, kisha akaifunga kamera kwa leso na kuiweka rafu ya juu, mbali kidogo na joto la jiko. Akasema hapo pasiguswe.

Jumamosi wageni walikuja, na mvua ikaja nao. Ilipiga mabati hata msemaji wa upande wao akawa anafungua mdomo bila kusikika. Mapipa yalijaa na kufurika. Vijana walikimbia na sufuria na ndoo, na kila aliyekuwa amekaa karibu na dirisha aliona maji yakipotea kwenye yale mawe yaliyokuwa yakingoja tangi. Mama hakusema neno mbele ya wageni. Pishori ililiwa, ikasifiwa.

Ilipokaribia saa kumi na mbili jioni mvua ikakatika ghafla. Tulitoka kuwasindikiza. Akina mama wa upande wa bwana harusi walitangulia kwenye barabara ya udongo, viondo vyao vimejaa mgongoni, kwa maana kiondo hakirudishwi kitupu. Jua likachomoza chini ya wingu upande wa magharibi, na nchi nzima ikawaka: matope, migomba, mabati, vitenge. Mtu mmoja akasema, “Tazameni kule.” Kaskazini, jioni, saa ambayo hatujazoea hata kuutafuta, Mlima Kenya ulikuwa wazi kutoka chini hadi ncha, na theluji mpya.

Shangazi mkubwa hakungoja kuombwa. Aliyejua kamera ilipo ni yeye. Aliinua pindo la kitenge chake cha sherehe, akakimbia hadi jikoni, akarudi na leso kifuani. Mke wangu akatia betri. Kioo kilisita, kikawaka. Stendi haikuwepo, wageni nao wakawa wamesimama na kujipanga, kama tufanyavyo sote tukiona kamera.

“Msisimame, mama zangu,” akawaambia. “Tembeeni tu.”

Wakatembea. Alibonyeza mpaka jua likafungwa tena, na huo haukuwa muda mrefu. Baadaye tuliziangalia zote: nyingi zilitikisika. Moja imesimama sawasawa. Akina mama wale na viondo vyao, dimbwi lenye anga ndani yake, mlima nyuma. Kona moja ina ukungu hafifu, unyevu wa Fourteen Falls uliokuwa bado ndani ya lenzi. Hataki kuuondoa kwa kompyuta, na mimi nakubaliana naye.

Tukiitazama picha hiyo, binti yetu alitusomea habari za Ansel Adams, mpiga picha Mmarekani. Jioni moja akiendesha gari huko New Mexico aliona mwezi ukipanda juu ya kijiji cha Hernandez na jua la mwisho likigusa misalaba ya makaburini. Alitega kamera mbio, hakukipata kipimo chake cha mwanga, akakadiria kwa kutumia mng’ao wa mwezi aliokuwa ameukariri. Alipata picha moja. Kabla hajapiga ya pili, mwanga ulikuwa umeondoka. Picha hiyo ikawa miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani, lakini yeye mwenyewe hakuandika tarehe, na kwa miaka mingi aliitaja miaka tofauti tofauti. Wanaastronomia ndio waliopima mahali pa mwezi, wakafikia tarehe 1 Novemba 1941.

Tangi lilinunuliwa zamu ya chama iliyofuata, na linajaa. Picha tuliichapisha Thika. Moja iko sebuleni, nyingine tuliwapelekea wakwe. Nyuma ya kila moja pameandikwa mahali, tarehe na saa, jina la mpiga picha, jina la aliyekama ng’ombe, jina la aliyeipepeta pishori mpaka akakiona kizibo. Nawe msomaji, kama una picha uipendayo imelala kwenye simu, ichapishe. Kisha igeuze, uandike nyuma yake tarehe, mahali, na majina ya wote waliokuachia nafasi ya kuipiga.