Sili Haivuji Bure

Sisi ni watu wa kabichi na karoti. Mboga zetu hutoka mlimani Lushoto, zikateremka kupitia Soni hadi Mombo, kwenye barabara kuu ambako wanunuzi na malori husubiri. Si mbali, ni kama kilomita 33, lakini ni kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwenye njia hiyo pikapu inaweza kukosa redio, ikakosa kioo cha mlango, hata rangi ikabanduka. Breki, hapana. Ndiyo maana kisa cha sili ya oili kilichoihangaisha nyumba yetu msimu mzima wa mvua nakieleza bila kupunguza neno.

Aliyeona wa kwanza ni mama mkwe. Alikuwa anaanua maharage uani, akaona tairi la nyuma la kushoto limelowa upande wa ndani, na vumbi limegandia hapo jeusi mpaka kwenye rimu.

“Gari lenu linatoka jasho,” akasema.

Kila mtu akawa na jibu lake. Baba watoto akasema ni mafuta ya breki. Shemeji, mdogo wake, akasema ni grisi ya beringi imeyeyuka, itakauka yenyewe. Mimi nikapaka kidogo kwenye vidole, nikanusa. Mafuta ya breki ni mepesi. Haya yalikuwa mazito, yanavutika kati ya vidole, na yana harufu ya kiberiti ambayo ukiisikia mara moja hutaisahau. Hiyo ni oili ya difu, namba 90. Nikawaambia sili ya ekseli imekwisha.

Kwenye Hilux ya zamani kama yetu, oili ya difu husambaa ndani ya ekseli mpaka karibu na magurudumu. Kinachoizuia isifike kwenye breki ni sili, pete ya chuma iliyovishwa mpira. Pete ikishindwa, oili huingia kwenye drami, ikalowesha shuu za breki, nazo zilizowekwa hapo ili zikamate zikaanza kuteleza.

Shemeji akaleta fundi wa mtaani. Kazi ilifanyika chini ya mparachichi, na nyumba nzima ikaingia kazini. Beseni langu la kufulia likakinga oili, na tangu siku hiyo halikufua tena nguo. Doti ya kanga ya mama mkwe iliyokuwa kambani ikageuzwa matambara kabla mwenyewe hajarudi sokoni. Nati moja ilibingirika, watoto wakaitafuta ndani ya banda la kuku mpaka giza likaingia. Fundi aliichokonoa sili kuukuu kwa bisibisi. Mpya akaigonga kwa nyundo ikiwa kavu, mara upande huu, mara upande ule, mpaka ikazama. Shuu akazifuta kwa petroli, akazirudisha zilezile.

“Hiyo imekwisha, mama,” akaniambia.

Haikwisha. Tairi likalowa tena. Ikanunuliwa sili nyingine, ikapigwa nyundo vilevile, tairi likalowa tena. Sasa maneno yakaanza. Pesa ya sare za watoto ilikuwa imekwenda kwenye spea. Baba watoto akamlaumu mdogo wake kwa kuleta fundi yule, shemeji akalilaumu duka la spea, na mama mkwe, ambaye kanga zake hazikuwa zimelipwa, akawa anapita katikati yao bila kumsemesha yeyote. Mimi nilisema mzigo usipakiwe. Lakini kabichi ikishakatwa haisubiri suluhu ya watu, na alfajiri moja ikapakiwa.

Chini ya Soni, kwenye kona ya kushuka, baba watoto alikanyaga breki, gari likapunguza mwendo shingo upande na kuanza kuvuta kulia, upande wanakopanda wenzake. Akarudisha gia ya chini, akavuta breki ya mkono polepole, akalisogeza mpaka likaegemea ukingo wa mlima. Shemeji alikuwa juu ya mzigo. Wote wawili walifika Mombo salama, kwa gia namba moja, na Mungu ndiye wa kushukuriwa.

Huko Mombo wakampata fundi mzee, na mimi nikashuka kwa basi kwenda kushuhudia. Huyu hakuanza na nyundo. Aliinua gari kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akashika tairi juu na chini, akalitikisa kusikiliza kama beringi inacheza. Kisha akaingia chini, akatafuta breza, kile kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli. Kilikuwa kimezibwa na udongo wetu mwekundu.

“Difu ikichemka, hewa yake hutanuka,” akasema. “Huku juu pameziba. Itatokea wapi? Inaisukuma oili kwenye sili.”

Akachomoa shafti, akanishika mkono, akapitisha ukucha wangu pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukanasa kwenye mfereji mwembamba uliochimbwa na miaka ya kuzunguka. Kisha akanionyesha sili mpya: namba zake tatu, yaani tundu la ndani, upana wa nje na unene, zote kwa milimita, na ile springi nyembamba inayoukaza mdomo wa mpira, ambayo lazima itazame upande wa oili. Akalainisha shafti kwa msasa laini, akapaka grisi kwenye mdomo wa sili, akaiweka sawasawa na kuigonga taratibu juu ya kipande cha mbao. Hakuizamisha mpaka mwisho, ili mdomo ukae kando ya ule mfereji. Shuu zilizolowa alizikataa kabisa, kwa kuwa oili ikishazama kwenye shuu haitoki. Akafunga mpya magurudumu yote mawili, akatoa upepo kwenye breki, akajaza oili ya difu hadi usawa wa tundu lake.

Tairi limekauka mpaka leo. Mauzo ya kabichi zilizofuata yalimnunulia mama mkwe doti mpya, akaipokea, na mazungumzo yakarudi mezani.

Ndugu msomaji mwenye pikapu, sili ni spea ndogo lakini ndiyo mlinzi wa breki zako. Ukiona tairi limelowa kwa ndani, usipakie mzigo wala mtu. Kabla fundi hajafungua nati, muulize: beringi inacheza? Breza iko wazi? Shafti ina mfereji? Kama hana haja ya kujua majibu hayo, mtafute mwingine.