Jina Lililoloa Maji

Mtoto hajatimiza wiki, nyumba yetu ya Yerevan ilikuwa imeshagawanyika. Mume wangu alitaka Ani, jina la mji mkuu wa kale wa Waarmenia, ambao leo ni magofu upande wa Uturuki. Mama mkwe alitaka Astghik. Shangazi yangu, kwa simu kutoka Tanga, alilikataa la kwanza papo hapo: "Ani? Mbona mmeishia njiani?" La pili likamshinda. Si kwa sababu ya gh, maana ni karibu ileile ya ghali. Alikwama pale s, t na gh zinaposongamana bila irabu ya kupumulia. Akatoka na "Asitighiki".

Mama mkwe akajieleza. Astgh ni nyota, na -ik ni ya kubembeleza: kinyota. Ndilo jina la mungu wa kike wa mapenzi na maji wa enzi za kabla ya Ukristo, mpenzi wa mungu Vahagn, mwenye hekalu Ashtishat, nchi ya Taron. Wanasimulia kwamba alikuwa akioga usiku katika mto Frati, vijana wakawasha mioto mlimani wapate kumchungulia, naye akalifunika bonde zima kwa ukungu. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Mume akalalama kwamba taifa lililopokea Ukristo mwaka 301, kwa mapokeo yao, halimwiti mtoto jina la kipagani. Mama mkwe akamhesabia akina Astghik wa ghorofa yetu, wote wamebatizwa.

Kujaza fomu ya kumwandikisha mtoto kukaangukia sikukuu ya Vardavar, siku ya 98 baada ya Pasaka. Kanisani ni Kugeuka Sura kwa Bwana. Mitaani ni kumwagiana maji kutwa, desturi ambayo wengi huinasibisha na Astghik huyohuyo, na anayeloweshwa haruhusiwi kununa. Mume alikuwa mezani, ameshaandika Ani kwa wino. Mama mkwe akanyata nyuma yake na ndoo. Pwaa! Wino ukateremka hadi kwenye kitambaa cha meza, na mwanamume mzima akalazimika kutabasamu huku shati likichuruzika.

Sikumtetea. Ani ni jina zuri, ila mtoto wangu hakuzaliwa gofu.

Fomu ya pili aliijaza mama mkwe mwenyewe. Shangazi alipoelewa akang'aka: "Kumbe ni Nyota! Si mngesema?" Anamwita hivyo hadi leo.

Nawe ukialikwa Yerevan mwezi wa saba, tia simu na karatasi zako kwenye mfuko wa plastiki, na usimpe bibi yeyote mgongo.