Kadi ya Mkono, Dawa ya Wakwepa Michango

Ujumbe wa WhatsApp una udhaifu mmoja: aliyetumiwa anaweza kusema hakuuona. Simu ilizimika, bando liliisha, mtoto aliufuta. Kadi ya mkono, ikiletwa mlangoni na mpwa wako aliyeagizwa asiondoke mpaka isomwe, haimwachii mtu pa kutokea. Basi wewe wa Gitega unayeozesha kiangazi hiki, Jumamosi zote zikiwa zimeshajaa harusi za wenzako, weka simu chini ushike wembe.

Anza na picha ya maharusi. Ipeleke kwa kijana wa fotokopi umwambie mambo mawili: itoke kwenye mashine ya wino wa unga, tena igeuzwe kama ionekanavyo kwenye kioo. Ataapa kwamba mashine yake ni hiyo hiyo. Wewe lamba kidole, usugue pembeni mwa nakala. Wino ukichafuka ni wa maji, na hautahama vizuri hata uombe dua. Suala la kugeuza usilipuuze. Ukisahau, jina la bwana harusi litasomeka kutoka kulia kwenda kushoto, na wajomba wa Muyinga watadhani umewaandikia Kiarabu. Watakuheshimu kwa muda mfupi tu.

Laza nakala kifudifudi juu ya karatasi ngumu. Lowesha pamba kwa dawa ya kufutia rangi ya kucha, utakayoiazima kwa dada yako wakati hayupo. Iwe yenye asetoni. Ile inayojisifu kwamba haina asetoni itakunukia vizuri na kazi haitafanya. Pitisha pamba mgongoni mwa nakala, kisha usugue kwa kijiko. Madirisha yawe wazi na jiko la mkaa liwe mbali kabisa, maana mvuke wa asetoni hushika moto kabla hujamaliza kusema bismillahi. Hapa sitanii.

Karatasi za maganda ya migomba zinapendeza, lakini ziache. Fotokopi haina wino mweupe: weupe wote wa picha hutoka kwenye karatasi yenyewe. Juu ya karatasi ya hudhurungi bibi harusi atatokea na shela la kaki, kama karani wa ushuru. Na sikio la bwana harusi likikataa kuhama, sema ndio mtindo wa siku hizi.

Sasa muhuri. Kata kiazi ulaya katikati, ukikaushe kwa kitambaa, kwa kuwa maji yake huikimbiza rangi. Chonga ngoma. Ngoma ni sawa kulia na kushoto, hivyo mkono usio na mazoea utaonekana wa fundi. Ukitaka kuiona ya kweli, Gishora si mbali na mjini, na UNESCO waliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014. Lakini usithubutu kuiita ngoma yako Karyenda, jina la ngoma ya mfalme. Hiyo ilikaa kwenye bendera ya uhuru mwaka 1962, ikaondolewa ufalme ulipoangushwa mwaka 1966, na wazee wakianza kuzungumzia kwa nini, chakula kitapoa.

Ukitaka kuongeza jina la mji, herufi ndizo mtihani, kwa sababu kila moja huchongwa kinyume. MUYINGA ni jina la huruma: M, U, Y, I na A hazijali kugeuzwa, zinabaki N na G tu. GITEGA ina G mbili na E. Mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na kiazi bado kinautoa jasho! Gonga kadi zote siku hiyo hiyo. Kesho kiazi kitakuwa kimenywea na ngoma yako itakuwa kikombe.

Ndani weka salamu fupi. Mstari wa mchango uandike kwa kalamu, tarakimu zisomeke hata na asiye na miwani. Mjomba wa Muyinga mtajie mbuzi. Kadi yake itapitia Karusi, petroli ikipatikana; isipopatikana mpigie simu umweleze imechongwaje, ili ajue ipo njiani na aanze kumtafuta mbuzi.

Halafu jiandae. Yule jirani uliyembana mlangoni kwake ana binti, na ana viazi. Kadi yake itakapofika, yenye ngoma iliyonyooka kuliko yako na maharusi wenye masikio yote manne, ipokee kwa mikono miwili, umkaribishe mpwa wake ndani, kisha uulize mchango ni kreti ngapi.