Siku Kaka Aliponyoa Ndevu

Kaka alirudi kutoka kwa kinyozi Ijumaa jioni, kidevu kinang'aa, na nyumba nzima ikaingia kizaazaa. Kesho yake binamu yetu alikuwa anaoa na kaka ndiye mpambe wake, kwa hiyo ndevu alizozifuga tangu kabla ya kupata mtoto zilibaki sakafuni kwa kinyozi. Alivua viatu mlangoni, akanyoosha mikono kumpokea binti yake wa miezi tisa, kama ilivyo kawaida yao. Mtoto akaganda. Mdomo wa chini ukachomoza, ukaanza kutetemeka. Macho yakamhama baba, yakamtafuta mama. Wifi yangu naye hakuwahi kumwona mumewe bila ndevu tangu waoane. Alishika mdomo, macho kayatoa pima. "Yallah! Umefanya nini?" Hapo mtoto akapiga ukelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani kaungua.

Mama alitoa hukumu kabla hajakaa: jicho. Mtoto kazungushwa kwenye shughuli wiki nzima, kaonwa na wenye husuda. Akaitisha chetezo na ubani. Jirani akasema yuko fundi mtaa wa pili. Wifi, huku akimrusharusha mtoto, alimgeukia mumewe akitaka kujua kapita wapi na kakanyaga nini. Kaka roho ilimuuma kukataliwa na mwanawe mbele ya watu, akamchukua kwa nguvu, eti azoee. Mtoto akajipinda, akajirusha nyuma, akatapika uji wote juu ya kanzu ya harusi iliyokuwa imeshapigwa pasi na kutandazwa kitini.

Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto kwa muda mrefu. "Mama," nilisema, "naomba weka chetezo chini kwanza. Mjukuu wako hajaona jini. Ameona mwanamume asiyemjua, kavaa shati la baba yake."

Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama. Ndani ya siku chache tu huanza kuupendelea uso wa mama yake kuliko wa mgeni. Lakini mwaka 1995 Olivier Pascalis na wenzake walionyesha jambo ambalo kila nyumba ingefaa kulijua: mama na mgeni walipofungwa vitambaa vya kichwa vilivyoficha nywele na ukingo wa paji la uso, wale wachanga hawakuonyesha tena kumpendelea mama. Kumbe walikuwa wakimtambua kwa umbo la nje la uso. Akikua, mtoto hujifunza kusoma macho, pua na mdomo pia, ila badiliko kubwa la ghafla bado humtatiza. Na miezi minane au tisa ndio umri ambao watoto wengi huanza kuogopa wageni. Ndevu za kaka ziliondoka katika mwezi mbaya kuliko yote.

Hata hivyo, kwangu mimi ndevu ni nusu tu ya kisa. Nusu nyingine ni pale mtoto alipomtazama mama yake. Alikuwa anauliza. Mwaka 1960 Eleanor Gibson na Richard Walk wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza kifaa chao: meza ya kioo ambayo upande mmoja una kitambaa cha miraba kilichogusa kioo, na upande wa pili kitambaa kiko chini, mtoto anaona kama kuna shimo. Baadaye James Sorce na wenzake wakaitumia kwa watoto wa mwaka mmoja, shimo likiwa si refu sana, mama amesimama ng'ambo. Katika utafiti wao wa 1985, mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja. Mama hakusema neno; ni uso tu.

Wa kwetu aliuliza, akajibiwa kwa hofu. Kisha akamwona bibi kakunja uso, jirani anahema, baba kafura. Angenyamaza kwa lipi?

Nikawaomba jirani na kaka watoke. Mama akaacha ubani, akachukua mafuta ya nazi, akamlaza mtoto mapajani na kuanza kumkanda mgongo polepole, kiganja kikishuka toka shingoni hadi kiunoni bila haraka. Hilo halikuwa la kubembeleza tu. Mwaka 2014 Merle Fairhurst na wenzake waliwapapasa watoto wa miezi tisa mkononi kwa brashi, kwa kasi mbalimbali. Mapigo ya moyo yalipungua kwa kasi ya wastani, kama sentimita 3 kwa sekunde, si kwa haraka sana wala kwa kujikokota. Mkono wa mama yangu unaijua kasi hiyo tangu alipotulea sisi.

Kwikwi zilipokatika, kaka alianza kuzungumza akiwa nyuma ya pazia, maneno yale yale anayomwambia kila jioni. Mtoto akainua kichwa. Sauti ni ya baba. Wifi akafungua pazia, akamchekea mumewe, akampapasa kidevu mbele ya mtoto. Macho yakaenda kwa mama, yakarudi kwa baba, mara kadhaa. Mwisho kidole kimoja chenye mafuta kikagusa shavu lililonyolewa, na kaka akatulia, hakumkimbilia.

Kanzu ilifuliwa usiku ule ule ikakaushwa kwa feni. Fundi wa mtaa wa pili hakuitwa.

Ndugu msomaji, mtoto aliyefika miezi mitatu hatabasamu akichekewa, wala hafuati uso wa mtu kwa macho, mpelekeni kliniki msingoje. Aliyelia kwa sababu baba kanyoa ndevu au mama kasuka mtindo mpya, msimkamate kwa nguvu: mpeni sauti anayoijua, mpeni mkono wa polepole, na kabla ya yote lainisheni nyuso zenu.