Namna ya Kusoma Majina ya Ukoo kwenye Foleni ya Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa

Ukishuka tuktuk pale Portreitz, anza na jina la mtaa kabla hujashusha begi. Reitz lilikuwa jina la ukoo la luteni wa jeshi la maji la Uingereza aliyewekwa Mombasa mwaka 1824, watawala wake Mazrui walipotaka ulinzi wa Waingereza dhidi ya Mabusaidi wa Oman. Mwaka haukwisha, akafa. Ghuba ikarithi jina lake. Lakini ardhi unayoikanyaga ni Changamwe, na Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Mataifa Matatu ya Waswahili wa Mombasa. Luteni wa miezi michache ameandikwa kwenye vibao. Mwulize dereva kuhusu taifa la wenyeji uone atakavyokutazama.

Sasa panga foleni utege sikio. Ukisikia Balala au Bajaber, fikira ziende Hadhramaut. Hiyo Ba ya mwanzo ni alama ya koo za huko. Akiitwa Nabhany, umepata ukoo uliotoka Oman ukatawala Pate. Akiitwa Mwakwere, vuka feri ya Likoni uende kwa Wadigo. Kwa Wagiriama utahitaji subira zaidi: mtoto hupewa jina la babu yake, kwa hiyo Charo Kazungu humzaa Kazungu Charo, na mzunguko huo hauishi.

Usikimbilie kumpeleka Uarabuni kila mwenye jina la sura ya Kiarabu. Mwalimu Sikujua, aliyetuhifadhia mashairi ya Muyaka, aliitwa al-Batawi, yaani mtu wa Pate. Al-Barawi ni wa Barawa. Hayo ni majina ya miji yetu wenyewe, na ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu yanaonyesha pwani ikiwapa watu wake nasaba bila kuagiza ng'ambo.

Ukifika kaunta, linda herufi zako. Mstari wa mashine kwenye pasipoti una nafasi 39 tu za jina. Kistari cha Al-Busaidy hugeuzwa alama ya <, na kile kikoma cha juu cha O'Brien wa Ireland, ambako O ni mjukuu, hutupwa kabisa. Basi kaeni nyumbani mkubaliane: Nabhany au Nabahani, Busaidy au Busaidi. Baba akiandikwa hivi na mtoto vile, mtakuja kuthibitisha undugu mbele ya dirisha la kioo huku ndege inaita abiria.

Akitokea wa kukuuliza, "Kwenu hasa ni wapi?" mjibu kwa ukamilifu. Mtajie mtaa, kisima, msikiti na makaburi. Sensa ya 2019 iliwahesabu Waswahili takriban 56,000 na Waarabu wa Kenya takriban 59,000, kila mtu kwa jinsi alivyojitaja. Watu wa ukoo mmoja wangeweza kabisa kuingia safu mbili tofauti. Kumdai raia vyeti vya babu kwa sababu ya herufi za jina lake ni dhuluma, na Wapwani wameilalamikia miaka mingi.

Ndege ikichelewa, mtafute bibi aliyekaa na mkoba mapajani. Mwamkie shikamoo kwanza. Kisha mwombe akutajie baba, babu na baba wa babu, na yeyote aliyekuja kwa jahazi, nawe uandike kila jina kama anavyolitamka yeye.